Mazungumzo ya Nyumbani: Mama Afundishwa na Mama Mwenzake



Mwezi uliopita tulizungumza habari za maji ya kunywa, jinsi yapasavyo kuchemshwa na kufunikwa. Mwezi huu nalikusudia kuendelea na habari za vyoo, lakini barua moja imenigeuza njia. Ameiandika mwalimu wa shule wa upande wa Bunda, kijana aliyefunga ndoa mwaka jana. Kwa ufupi yasema hivi: Mkewe amejifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, naye sasa ana umri wa wiki 3. Mtoto huyu hulia sana jioni, tena hutaka ziwa kila mara. Mama mzazi wa mwalimu, aliyekuja kumwangalia mkwewe, asema kwamba maziwa ya mama yule ni mepesi, hayamshibishi mtoto, afadhali apewe maji ya sukari na uji mwepesi wa ulezi. Muuguzi wa zahanati amesema mtoto asipewe kitu cho chote isipokuwa ziwa la mama, hata atimize miezi 6. Mke yumo katikati, naye hulia pamoja na mtoto wake. Mwalimu auliza: "Je, nimtii mama yangu aliyenizaa, au nimtii muuguzi? Au ninunue maziwa ya kopo ili maneno yaishe?"

Ndugu yangu, swali lako nalijua. Lilipata kuingia nyumbani mwangu, nami nalilijibu vibaya. Basi kabla sijakujibu wewe, nitaeleza yaliyonipata.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa tulipokuwa tukikaa karibu na ufuko wa ziwa, si mbali na mji wa Musoma. Mimi nalikuwa nimetoka chuoni miaka michache tu, na kichwa changu kilijaa elimu. Mke wangu alitoka Butiama. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, na dada zake wameolewa mbali. Kwa hiyo alilea mtoto peke yake, hana mtu mzima wa kumwuliza neno. Mimi nalikuwa nikizunguka vijijini kufundisha wakatekumeni, pengine siku tatu au nne sionekani nyumbani.

Siku moja, mtoto akiwa na wiki 5, nalirudi jioni nikamkuta analia. Mama yake alimweka ziwani, kisha akamwondoa, akamweka tena, akamwondoa. Sikujua kwamba chuchu zake zilikuwa zimepasuka hata kutoa damu, na kila mtoto aliponyonya yeye aliuma meno kwa maumivu. Hakuniambia, kwa haya. Wala mimi sikumwuliza. Nalikata hukumu palepale kama hakimu aliyesikia upande mmoja, nikasema, "Maziwa yako hayatoshi. Mpikie uji." Unga nalikwenda kuununua mwenyewe. Naye akatii.

Haikupita wiki moja mtoto akaanza kuhara. Siku ya pili macho yake yalikuwa yameingia ndani, na utosi umebonyea. Tulimpeleka hospitali usiku, mama yake amemfunga kifuani kwa khanga. Tulikaa huko siku tatu, na kwa rehema ya Mungu akapona. Lakini tuliporudi nyumbani maziwa ya mama yalikuwa yamepungua sana, na mtoto akiwekwa ziwani anageuza uso. Hapo mke wangu akaniambia neno ambalo hata leo sijalisahau: "Wewe huwafundisha watu wote, na mimi je, ni nani wa kunifundisha?"

Alikuwapo jirani yetu, mama mtu mzima, mwuza dagaa. Kusoma hakujua, wala hakuwa mtu wa kanisa letu. Alisikia habari zetu, akaja alasiri moja na kikapu chake kichwani, akapiga hodi, akaniambia, "Mwalimu, nipishe nikae na mwanangu huyu. Wewe nenda ukafundishe." Nikatoka.

Aliyotenda mama yule nalihadithiwa baadaye na mke wangu. Kwanza hakusema neno juu ya mtoto. Aliosha vyungu vilivyolala, akapika, akamlisha mzazi hata akashiba. Ndipo akasema, "Sasa mnyonyeshe nione." Akatazama. Akasema, "Mwanangu, mtoto huyu anakamata ncha tu, ni kama mtu anayelamba ganda na kuliacha tunda." Akamwonyesha jinsi ya kumpakata: tumbo la mtoto lielekee tumbo la mama, kichwa na mgongo vinyooke, mama aegemee ukuta asijikunje. Tena angoje mpaka mtoto afungue mdomo wazi kama apigaye miayo, ndipo amvute mtoto kwenye ziwa, wala asilipeleke ziwa kwa mtoto. Mdomo ushike sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, mdomo wa chini ubinuke nje, na kidevu kiguse ziwa. Mara ya nne au ya tano maumivu yakapungua. Mke wangu alishangaa, kwa maana alidhani maumivu yale ndiyo fungu la kila mwanamke.

Mama yule alikuja kila alasiri, akiisha kugeuza dagaa wake juani, muda wa siku tisa. Alisema uji uachwe, mtoto anyonyeshwe mchana na usiku kila anapotaka, hata kama maziwa yaonekana machache. Kila wiki tulimpeleka mtoto zahanati kupimwa uzito. Wiki ya kwanza hakuongezeka, wiki ya pili akaongezeka kidogo, na ya tatu muuguzi alicheka kwa furaha alipotazama kadi.

Siku ya mwisho mke wangu alimwuliza, "Mama, ni nani aliyekufundisha mambo haya?" Akajibu, "Mtoto wangu wa kwanza." Mke wangu akadhani amsema kijana wake mvuvi, tuliyemfahamu sote. Mama yule akasema, "Huyo ni wa pili." Kisha akainua kikapu chake akaenda zake.

Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Muuguzi alitufundisha vema, nasi twamshukuru. Lakini mama yule alikuwa amenyeshewa.

Basi sasa tuseme kidogo habari za maziwa yenyewe, maana watu wengi huogopa kwa kutojua.

Sisi wa Mara ni watu wa ng'ombe, kwa hiyo jambo hili halitushindi kulifahamu. Kila mchungaji ajua kwamba ng'ombe akikamuliwa huendelea kutoa, na asipokamuliwa hukauka. Ziwa la mama ni vivyo hivyo: mtoto anaponyonya sana, mwili wa mama hupata habari ya kutengeneza zaidi, anapopewa uji au maji, hushiba hivyo, hunyonya kidogo, na mwili wa mama hudhani hayahitajiwi tena. Kwa hiyo yule anayesema, "Maziwa ni machache, tuongeze uji," uji wake ndio utakaoyapunguza.

Tena kila mchungaji ajua kwamba ndama asiyepata dang'a hudhoofika, pengine hufa. Hatumwagi dang'a ya ng'ombe. Ya mwanadamu je? Wapo hata leo wanaoyakamua maziwa yale ya kwanza, mazito na ya manjano, wakayamwaga kwa kusema ni machafu. Nayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Ni kidogo, lakini tumbo la mtoto siku ile nalo ni dogo. Mtoto awekwe ziwani katika saa ile ya kwanza ya kuzaliwa.

Na juu ya maji, maziwa ya mama sehemu yake kubwa ni maji. Mtoto hahitaji maji mengine kabla ya miezi 6, hata katika jua la Bunda wakati wa kiangazi. Maji tunayompa, na kikombe, na kijiko, na chupa, hivyo ndivyo vichukuavyo ugonjwa.

Na kilio? Mtoto mchanga hulia kwa njaa, lakini hulia pia kwa joto, kwa baridi, kwa kutaka kupakatwa, na kwa kuchoka. Watoto wengi karibu na wiki ya 3, na tena karibu na ya 6, hutaka kunyonya mara nyingi kuliko kwanza. Mama huona kana kwamba maziwa yamekwisha, kumbe mtoto ayaita mengine. Baada ya siku chache hutulia. Mwenye shaka na atazame mambo mawili: mkojo na mizani. Akiisha kupita siku zake za kwanza, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi mchana na usiku, na anayeongezeka uzito zahanati, huyo anashiba, hata kama alia.

Tangu yalipotupata hayo, mke wangu amekuwa akiwauliza akina mama wengine walivyosaidiwa na wenzao. Mimi nisingeambiwa. Haya nayaandika kwa ruhusa yao, bila majina.

Wa kwanza ni mama wa Musoma, mwuza samaki sokoni. Aliporudi kwenye biashara yake baada ya wiki 6, alijua kwamba mtoto ataanzishiwa uji tu, kwa kuwa hakuona njia nyingine. Mwenzake wa meza ya pili akamfundisha kunawa mikono na kukamua maziwa kwa mkono katika kikombe safi chenye kifuniko, akamwachia dada yake amnyweshe mtoto kwa kikombe. Wakaenda pamoja zahanati kuuliza muda ambao maziwa yale yaweza kukaa bila kuharibika. Wakati mwingine mtoto aliletwa sokoni, na mmoja akinyonyesha, mwingine aliangalia meza zote mbili. Mama huyu alisema, "Muuguzi aliniambia la kufanya. Mwenzangu alinionyesha kwamba lawezekana."

Wa pili ni mwalimu wa kike wa Bunda. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha alidhani na kunyonyesha kumekwisha. Mwalimu mwenzake, aliyezaa mwaka uliotangulia, akamwambia kwamba sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2004, iliyotoa likizo ya siku 84, na siku 100 kwa mwenye kuzaa zaidi ya mtoto mmoja, ndiyo pia iliyotoa ruhusa ya kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hata kufikia saa 2 kwa siku. Hakuthubutu kwenda peke yake kwa mkuu wa shule. Wakaenda wawili, nao wakasikilizwa. Walimu mnaosoma gazeti hili, mnaijua sheria hii? Na ninyi wakuu wa shule, je, mwawaambia walimu wenu, au mwangoja waje kwenu wakitetemeka?

Wa tatu ni mkulima wa Butiama. Mama mkwe wake alikuwa mtu mwema, mwenye mapenzi makubwa, naye alishika neno moja: mtoto hawezi kukaa shambani mchana kutwa bila maji. Mkwewe hakutaka kubishana na mzazi wa mumewe. Basi rafiki yake akaja kuwatembelea na mtoto wake wa miezi 8, ambaye hakuonja maji wala uji hata alipotimiza miezi 6. Hakusema neno la kufundisha. Alimpa tu bibi yule mtoto ampakate. Bibi akampima kwa mikono yake, akamfinya mapaja, akauliza, "Huyu mlimpa nini?" Akajibiwa. Tangu siku ile bibi ndiye aliyewakataza majirani wasimpe mjukuu wake maji. Yasiyoingia masikioni yaliingia mikononi.

Wa nne ni mama anayeishi na virusi vya UKIMWI. Aliogopa kwamba kwa kunyonyesha atamwua mtoto wake. Kliniki walimweleza kwamba akimeza dawa zake kila siku bila kuacha, na kuhudhuria pamoja na mtoto kama apangiwavyo, amnyonyeshe. Akasikia, ila moyo ukakataa. Ndipo akakutanishwa na mama mwingine wa hali ileile, ambaye mtoto wake alikuwa amekwisha kupimwa na kuonekana hana virusi. Alisema, "Nalimwona mtoto wake akikimbiza kuku uani. Nikarudi nyumbani nikanyonyesha." Siri ya mmoja i kwa mwingine mpaka leo, wala haijatoka.

Wa tano habari zake si nzuri, nami nisingekuwa mkweli kama ningezificha. Mama mmoja aliugua sana baada ya kujifungua, na daktari akaamuru mtoto apewe maziwa mengine. Katika mkutano wa akina mama wa jumuiya yetu, mmoja alipoliona kopo katika mfuko wake alisema mbele ya wote, "Kuna wanawake wanaoona haya kuwa mama." Wengine wakacheka. Mimi nalikuwapo mlangoni, nalisikia, nikanyamaza. Mama yule hakurudi tena mkutanoni, na kanisani hakuonekana muda wa miezi mingi. Baadaye nalikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinipokea, akanipa kiti na maji, lakini alisema, "Mwalimu, siku ile ulikuwa karibu." Neno hilo nalistahili.

Ndiyo maana nasema, mwenzako aweza kukuinua, na mwenzako aweza kukuangusha. Ulimi ni uleule.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya kijiji kimoja tu. Karibu na mwaka 2020 ulifanyika utafiti uitwao EFFECTS katika vijiji 80 vya mkoa wetu huu wa Mara, juu ya chakula na malezi ya watoto wadogo. Vijiji viligawanywa mafungu 5. Katika baadhi yake akina mama walikutana vikundi vikundi pamoja na mhudumu wa afya wa kijijini. Katika vingine waume nao waliitwa, kwa kuwa watafiti walitaka kujua kama baba akifundishwa, nyumba itabadilika zaidi. Mimi nikikumbuka ule unga nilioununua, naona waliuliza swali la haki.

Tena katika Uganda, upande wa Mbale chini ya mlima Elgon, walichaguliwa wanawake wa vijijini, wakafundishwa habari za kunyonyesha, wakatumwa kwa wenzao. Kila mama alitembelewa mara 5 au zaidi, na mara ya kwanza ilikuwa kabla hajajifungua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Watoto walipokuwa na umri wa wiki 12, mahali palipokuwa na wageni hao, 82 katika kila 100 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake. Mahali pasipokuwa nao, 44. Walipotimiza wiki 24 walikuwa 59 hapa, na 15 kule. Tazameni tofauti hiyo! Nayo haikuletwa na dawa wala na chombo cha thamani, bali na mwanamke aliyepiga hodi kwa mwenziwe.

Na katika nchi ya Marekani, mwaka 1956, jamaa za Kikristo walikwenda pamoja kula chakula mahali pa wazi katika jimbo la Illinois. Wakati ule kwao akina mama wengi walikuwa wakitumia chupa. Wanawake wawili, Mary White na Marian Tompson, walikuwa wakinyonyesha watoto wao chini ya mti, na wengine wakawajia mmoja mmoja wakisema, "Sisi tulitaka pia, tukashindwa, mlifanyaje?" Wakapata wenzao, wakawa wanawake saba, wote Wakatoliki, wakaanza kukutana nyumbani na kusaidiana. Chama chao kikaitwa La Leche League, kwa jina la Mama Yetu wa Maziwa, anayeheshimiwa katika kanisa dogo la mji wa St. Augustine, jimbo la Florida. Kimeenea katika nchi nyingi za dunia. Mwanzo wake ulikuwa maneno yaliyosemwa chini ya mti.

Katika nchi yetu pia twaendelea mbele. Katika hesabu ya mwaka 2010, watoto wasiotimiza miezi 6 walionyonya maziwa ya mama peke yake walikuwa 50 katika kila 100. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 59, na mwaka 2022 walikuwa 64. Tumshukuru Mungu. Lakini waliobaki ni 36 katika kila 100, na kila mmoja wao ana nyumba, na katika nyumba ile yupo mama ambaye pengine hana wa kumwuliza.

Sisi Wakristo tungepaswa kulijua jambo hili kabla ya watafiti. Bikira Maria alipopata habari ya mimba yake hakukaa peke yake. Alikwenda kwa haraka katika nchi ya milima, kwa Elizabeti, mwanamke mwenye mimba kama yeye, akakaa naye muda wa miezi kama mitatu. Injili haikutueleza waliyozungumza walipokuwa wakisaga na kuchota maji. Lakini wanawake wanaosoma habari ile hawahitaji kuelezwa.

Basi nawapa maneno machache ya kushika.

Wewe uliye mama mwenzake: nenda mapema, kabla ya kujifungua, tena katika wiki ile ya kwanza, maana ndiyo iliyo ngumu. Anza kwa kazi za mikono, maneno yafuate. Uliza kabla ya kufundisha. Siri ya nyumba usiitoe nje. Usimhukumu aliyeshindwa, wala usibishane na agizo la daktari. Tena jua mpaka wako: mama akiwa na homa, au ziwa limevimba na kuwa jekundu na lenye maumivu, mpeleke zahanati. Na mtoto akikataa kunyonya, akipata homa, akipumua kwa shida au kushikwa na degedege, usingoje kesho.

Wewe uliye bibi: hatukuondolei heshima yako. Ulilea kwa elimu uliyokuwa nayo, na sisi tulio hai ndio ushuhuda wako. Mzazi anahitaji chakula, usingizi, na mtu wa kumwogesha mtoto. Kazi hiyo ni yako, wala hakuna aiwezaye kama wewe. Ule uji wa ulezi mpikie mama, naye atampa mtoto kwa njia yake.

Wewe uliye baba: chota maji, kata kuni, nyamaza kidogo, kisha uliza, "Waumwa wapi?" Mimi sikuuliza, na hospitali ndiyo iliyonijibu.

Ninyi viongozi wa jumuiya: kila mwanamke ajifunguapo, na wachaguliwe akina mama wawili wa kumtembelea. Tumezoea kupeleka watu kwenye msiba; tupeleke na kwenye uzazi.

Sasa nakujibu, mwalimu wangu wa Bunda. Waniuliza umtii nani kati ya mama yako na muuguzi. Neno la muuguzi ni la kweli, nalo lishike. Lakini usimshinde mama yako kwa maneno; ukimshinda, mkeo ndiye atakayelipa, utakapokuwa shuleni. Mtafute mama mmoja wa karibu, aliyenyonyesha hivyo naye mtoto wake ana afya, umwombe aje na mtoto wake. Bibi na ampakate. Mkeo na atazamwe jinsi anavyomweka mtoto ziwani, kwa maana kilio chake huenda kikawa cha maumivu asiyoyasema. Mpelekeni mtoto mizani wiki hii, nyote watatu, na bibi aisome kadi kwa macho yake au asomewe. Fedha ya kopo mnunulie mkeo samaki na maharage. Na mtoto akionekana haongezeki, msingoje barua yangu, mrudieni muuguzi upesi.

Mtoto wetu yule wa uji amekuwa mtu mzima sasa, amenipita kimo. Jirani yetu mwuza dagaa ametangulia mbele ya haki. Siku ya maziko yake mke wangu aliketi pamoja na binti zake kama mmoja wao, na watu walipouliza ni ndugu gani, hakuna aliyejua la kujibu.

Wasomaji, zungumzeni maswali haya nyumbani jioni: Katika mtaa wetu, ni mama gani aliyejifungua mwezi huu? Ni nani aliyekwenda kwake? Na kama hakuna, kesho nani atakwenda?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari za chakula cha mtoto atimizapo miezi 6, maana hapo uji una saa yake, na ziwa laendelea pamoja nao hata miaka 2 na zaidi. Vyoo vitangoja kidogo.

Kaeni na amani.

Ndimi ndugu yenu, Katekista.